Wakuu nipo Bangkok, imebaki siku moja, niende wapi hapa Phra Nakhon?

Mtoto wa Tandika: Habari za jioni wakuu. Nipo huku kikazi, keshokutwa alfajiri napanda ndege. Nimefikia Khao San, wilaya inaitwa Phra Nakhon, kila kona hekalu. Ndo natoka Grand Palace hapa, miguu imevimba. Kesho niende wapi? Na eti airport mizigo wanaikagua sana?

Kifimbo: Hekalu la Wat Pho mkuu, jirani kabisa na Grand Palace. Kuna Buddha kalala, mita 46, haenei kwenye simu. Nyuma yake mabakuli 108 unadondosha sarafu moja moja, mlio mtamu balaa. Halafu ukandwe, pale ndo penye shule yao ya masaji. Mi 2017 kibibi chembamba kama njiti kilinikanda nikamwita marehemu mama, ila mgongo haujauma tena

Mama Nassor: Vaa suruali ndefu mwanangu. Dereva wa tuktuk akikwambia leo kumefungwa usimsikilize, anakupeleka duka la vito huyo. Banglamphu hapo kuna msikiti uchochoroni, msosi wa halali upo, enzi nafuata nguo Pratunam nilikuwa navuka mji mzima kwa ajili ya supu yao.

Kijiko: Swali la mizigo mbona mnalikwepa? Mleta mada umebeba nini?

Mtoto wa Tandika: Zawadi tu za kawaida

Kijiko: Zawadi gani inakunyima usingizi?

Mtoto wa Tandika: Haya basi. Kule Tha Phra Chan kwenye soko la hirizi nimenunua kichwa cha Buddha, cha shaba, kilo kama sita. Bosi anafungua lounji Mikocheni ndo kaniagiza. Nimeshalipa, nimeshakiviringisha na taulo. Muuzaji kasema haina shida na risiti kanipa. Na kingekuwa na kesi wangekiuza hadharani?

Kijiko: Kukiuza humo ndani sawa, kukitoa nje ya nchi unatakiwa kibali cha Idara ya Sanaa, na hakitoki kesho. Risiti sio kibali. Tena kichwa bila kiwiliwili kwao ni tusi, wameweka mpaka mabango barabarani kwamba Buddha sio pambo. Rudisha.

Abuu Twalib: Mtu na akili zako unabeba sanamu, tena kwa ajili ya baa. Subhanallah.

Chizi Fresh: Bosi aweke kichwa chake hapo kaunta, si anacho

Mtoto wa Tandika: Nikirudisha hela yote imeenda na bosi hatanielewa. Watu wangapi wanapita navyo?

Mpiga Debe: Chai hii wakuu. Kapost saa kumi na mbili jioni ya Bongo, Bangkok saa nne usiku, eti "ndo natoka Grand Palace". Pale tiketi mwisho saa tisa na nusu mchana! Na mwezi jana ulikuwa unatafuta bodaboda ya mkataba, leo una bosi wa kukutuma Thailand?

Mtoto wa Tandika: Bodaboda ilikuwa ya mdogo wangu. Nilitoka mchana, sema nimechelewa kuandika.

Mama Nassor: Weka picha ya tiketi basi, ile ya baht 500, hela yao.

Mtoto wa Tandika: Niliitupa

Chizi Fresh: Sukari jamani, haijakolea

Kifimbo: Ila Wat Pho nenda, hata kama ni chai

Mtoto wa Tandika: Msioamini piteni. Mwenye kujua anijibu, nikiweke begi la mkononi au lile la chini?