Kidato cha kwanza na HTML: tunawapotezea watoto muda?

Baba Binti: Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu kaingia kidato cha kwanza. Juzi karudi na daftari limejaa HTML, zile alama za kuandikia kurasa za mtandaoni: <html>, <head>, <body>, <p>, vyote kwa kalamu, maana kompyuta nne kwa wanafunzi sabini utaiona mwezi ujao. Namuuliza hii inafanya kazi gani, ananijibu, "Mwalimu kasema ukifungua lazima ufunge." Ni adabu nzuri, ila sikulipia adabu. Akili mnemba siku hizi unaiambia nitengenezee ukurasa wa duka la kanga, unaupata chai haijapoa. Kuna haja? Nawasilisha.

Mtu wa Notepad: Haja ipo. Fungua Notepad, andika <h1>Habari</h1>, hifadhi kwa jina index.html, bofya mara mbili. Kivinjari kinakuonyesha hapohapo, huna seva wala bando. Somo gani jingine la kompyuta linaenda bila bando?

Injinia Msomi: Tatizo mnawadanganya watoto kuwa huko ni kuprogramu. HTML si lugha ya programu. Haina "kama hivi basi vile", haina kurudiarudia. Ni alama za kukiambia kivinjari hiki kichwa cha habari, hii aya, basi. Mtu wa HTML kujiita mtaalamu wa programu ni sawa na mpaka rangi kujiita injinia wa majengo. Halafu si kila tagi, yaani alama hizo, inafungwa: 
 <br> ya kukata mstari na <img> ya picha hazina cha kufunga. Mwalimu naye arudi darasani.

Brashi Nne: Mkuu, wapaka rangi tumeingiaje hapa?

Injinia Msomi: Ni mfano tu, ndugu.

Brashi Nne: Mifano yenu kila siku ni sisi. Mwaka wa 14 huu nashika brashi. Jengo la injinia nisipofika mimi linaitwa pagale. Na kwa taarifa yako, ukurasa wa kazi zangu niliuandika mwenyewe, kwa simu. Nilisahau </a> moja tu, ile ya kufunga kiungo, maandishi yote ya chini yakawa kiungo cha bluu, siku mbili naangaika. Huyo mwalimu yuko sahihi.

Sikio la Tanga: Mimi sioni, simu inanisomea. Ukiweka picha bila alt, yale maelezo ya picha, nasikia "picha", au jina la faili lenye tarakimu kumi. Ukikuza maandishi badala ya kutumia <h2> ya kichwa kidogo, siwezi kuruka toka kichwa hadi kichwa, nasikiliza ukurasa mzima kama hotuba ya mgeni rasmi. Na usipotaja lugha kwa lang="sw", Kiswahili kinaweza kusomwa kwa ulimi wa Kiingereza. Anayeachia mashine kila kitu atajuaje kuwa vitu hivyo havimo?

Mkongwe wa Modemu: Mmenikumbusha mbali. HTML ni ya Tim Berners-Lee, kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Uswisi, 1991 hivi, ikiwa na tagi kama 18. Kisha Netscape, watengeneza kivinjari, wakaleta blink ya maandishi kuwaka na kuzima, Microsoft nao marquee ya maandishi kutembea. Ukurasa wa harusi ya dada yangu niliweka jina la bwana harusi kwenye marquee: linatokea kulia, linakimbilia kushoto, linapotea. Dada anasema ile tulitakiwa tuione ni dalili.

Mtu wa Notepad: 😂😂 Pole kwa dada.

Kamau wa Thika: Huku Kenya mtaala wa kodingi uliidhinishwa 2022, na nadhani walianzia Python, lugha ya programu hasa. Nyinyi bado mnabishana juu ya rangi?

Brashi Nne: Kaka, rangi imeletwa na msomi, usinitwike mimi.

Injinia Msomi: Nimeshasema ni mfano! Kupaka rangi mtu anajifunza wiki moja.

Brashi Nne: Wiki moja? Ukuta una chumvi unaufanyaje? Jibu bila kuuliza akili mnemba.

Mkongwe wa Modemu: Injinia, nyumba yako imepakwa?

Injinia Msomi: Tunajadili elimu hapa.

Brashi Nne: Haijapakwa.

Baba Binti: Fundi, samahani. Vyumba viwili na sebule, ndani tu, unafanya bei gani?

Brashi Nne: Inategemea kuta, mzee wangu. Kuna ukungu?

Baba Binti: Upo. Upande wa choo.