Tupeane uzoefu: nani aliwashika mkono mlipouguza saratani?

Assalam aleikum wana Malindi na Lamu. Mie naona watu wanavisema vyama vya saratani ati kazi yao ni fulana za pinki mwezi wa kumi basi. Kwenu vilisaidia nini hasa? Naanza mie. Mamangu alikuwa na saratani ya titi, kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kila wiki tatu Mombasa, tunatoka alfajiri na kindoo chake cha kutapikia na ndimu mkononi. Safari ya pili tumefika, damu ikapimwa, seli nyeupe za kinga ziko chini, kemo haiwezekani leo, rudini wiki ijayo, nauli ishakwenda hivo! Mama mmoja wa kujitolea wa chama, naye kakatwa titi, ndo akatwambia pimeni damu huko huko Malindi siku mbili kabla, mpige simu hospitali, wakisema njooni ndo mpande gari. Hatukupewa hata shilingi lakini mama yule simsahau.

Mwana wa Amu: Nyie wa Malindi mko Mombasa tayari 😂 sie boti kwanza hadi Mokowe halafu ndo basi. Ami yangu ilikuwa saratani ya umio, njia ya chakula, hata uji haupiti. Sasa mionzi si kama kemo, mionzi ni kila siku Jumatatu hadi Ijumaa wiki kadhaa, mtu wa Lamu atalala wapi? Chama kikamtafutia chumba karibu na hospitali. Siku aliyomeza kijiko cha uji wa mchele bila kukohoa alinipigia simu saa tano usiku kuniambia tu hilo.

Bi Mambrui: Sie chama walikuja kupima mlango wa kizazi. Nilidhani mashine kubwa kumbe ni siki jamani, siki! Wanapaka, wanangoja kama dakika moja, penye kasoro panageuka peupe. Mie pakageuka. Haikuwa saratani bado, wakapagandisha hapo kwa baridi kali siku hiyo hiyo ila mwezi mzima hakuna mambo ya chumbani, mzee akanuna weee. Binti yangu naye kashachanjwa ile ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo ya mlango wa kizazi, ya wasichana wa miaka 10, iliyoanza Kenya 2019.

Kijana wa Shela: Mie nasema ukweli, kuna chama walikuja wakampiga picha nyanya yangu kichwa kitupu hana hata mtandio, wakaondoka, mpaka leo kimya.

Mwanzisha mada: Pole sana kakangu, hilo ni baya na wala sio la kufunika. Mtu aombwe ruhusa kwanza.

Mwana wa Amu: Wako wazuri pia. Dadangu alipokuwa Nairobi alikwenda Faraja, shirika la kusaidia wagonjwa wa saratani, lile la tangu 2010, akakaa na mshauri bure akalia mpaka akachoka. Alisema nyumbani hakuwa na pa kulilia, watoto wanamwangalia.

Mama Zuu: Bi Mambrui samahani, hiyo siki inauma? Nimeahirisha mara tatu.

Bi Mambrui: Inawasha kidogo tu mwanangu. Njoo Alhamisi nikupeleke.