Tupeane uzoefu: siku ulipofika kwenye maabara ya Umbrella

Wadau wa Kusini, habari za muda. Aliyecheza gemu la kutisha la Resident Evil aje atuambie alivyoifikia ile maabara ya siri ya Umbrella, kampuni ya ndani ya gemu inayotengeneza virusi vya kugeuza watu mazombi, iliyofichwa chini ya jumba la Spencer kwenye milima ya Arklay.

Naanza mimi. Nilikuwa darasa la sita, Chikongola, Mtwara mjini. Gemu lilitoka 1996, sisi lilitufikia miaka mingi baadaye, kwenye banda lenye TV moja ya chogo. Memori kadi ya kuhifadhi tulipofikia haikuwepo, kwa hiyo kila siku mimi na kaka tulianza upya. Siku tuliyofika chini tulikuwa tumemaliza hela yote ya korosho tulizookota. Kompyuta ikataka jina na neno la siri. Kaka alikuwa nayo kwenye daftari la hisabati: JOHN na ADA. Tuliyatoa kwenye barua ya mtafiti aliyeambukizwa, anamuaga mpenzi wake. Tunaandika herufi moja moja, umeme ukakatika mtaa mzima. Kwenye kioo ikabaki nukta nyeupe, nayo ikafifia. Mpaka leo Tyrant, lile zimwi la maabara, kwenye tangi lake hanitishi kama ile barua inavyoniuma.

Mdau wa Masasi: Mimi niliiogopa maabara kabla sijaifikia, kwa sababu ya shajara ya mtunza wanyama wa Umbrella. Inaanza tarehe 9 Mei 1998, mtu anaeleza mchezo wa karata na wenzake. Kisha ngozi inaanza kumwasha. Nilikuwa na kamusi mapajani, natafuta neno kwa neno. Kadiri alivyougua, sentensi zilifupika, hadi mwisho sikuhitaji kamusi tena. Nilifunga gemu nikaenda kulala chumba cha mama.

Mdau wa Newala: Nilipoona lifti ya kushukia nikamwachia mdogo wangu pedi. Sijawahi kuimaliza.

Mdau wa Lindi, Mitwero: Yangu ni Resident Evil 5, ya 2009. Umbrella walikuwa na maabara Afrika pia, wakifuata ua lililowapa kirusi chao cha kwanza, na wenyeji Wandipaya wakafukuzwa kwenye ardhi yao. Maadui, wenyeji walioambukizwa vimelea, wanaitwa Majini, na wanaongea Kiswahili! Kijuju, mji wa kubuni, wameuweka Afrika Magharibi, ambako Kiswahili si lugha yao, na hilo liliniudhi. Nilizoea maadui wa lugha za mbali. Hawa nilikuwa nawaelewa. Bibi alikuwa uani anakuna nazi, akauliza nani wanagombana sebuleni.

Mwanzisha mada: Aliingia akaona?

Mdau wa Lindi, Mitwero: Alisimama mlangoni, machicha mkononi, akatazama kidogo. Akaniuliza, "Hawa waliowafanya hivi wako wapi?" Nikamwambia ni watu wa kampuni, bibi, hawaonekani hapa. Akasema, "Basi mbona unawapiga hawa?" Akarudi kwenye mbuzi yake.