Kuwapeleka wanafunzi chuo cha sanaa: wiki ya tamasha, siku ya mazoezi, au Mlimani?

Mwalimu_Kibaha
Ndugu zangu, salaam. Ninasimamia kikundi cha maigizo cha shule ya sekondari chenye wanafunzi 24, na mwaka huu wazazi wamekubali kuchangia safari moja tu. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni Bagamoyo wakati wa tamasha la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, chuo kinapowakaribisha watu wote. Ya pili ni chuo hichohicho siku ya kawaida ya masomo, kwa kuomba ruhusa ya kuwatazama wanachuo wakifanya mazoezi. Ya tatu ni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa sanaa za maonyesho wanapoonyesha kazi zao. Vijana wangu hawajawahi kuona jukwaa lenye taa. Wanaigizia bwaloni, na pazia letu ni kanga mbili zilizofungwa kwenye kamba. Naomba ushauri wa waliokwenda.

Zumari
Mwalimu, wapeleke kwenye tamasha. Chuo kilianzishwa mwaka 1981, na tamasha likaanza mwaka uliofuata, kwa hiyo kufungua milango ni desturi ya tangu mwanzo pale. Kwa siku moja watoto wataona ngoma, sarakasi, muziki na maigizo kutoka ndani na nje ya nchi, jambo ambalo hakuna safari nyingine itakayowapa. Ukumbi wa zamani uliungua mwaka 2002, na huu mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2008. Kijana anayeigizia bwaloni anastahili kuketi humo walau mara moja, taa za watazamaji zizimwe na za jukwaa ziwake. Tena hadhira yenyewe ni somo, kwa maana wenyeji wa Bagamoyo hawanyamazi kwa adabu. Kinachowagusa hukipigia vigelegele, na kisichowagusa hukiacha wakaenda kununua mihogo ya kukaanga.

Binti_Kaole
Kaka Zumari, uyasemayo ni kweli, lakini Mwalimu hana kikundi cha watazamaji, ana kikundi cha waigizaji, na ndiyo maana mimi nachagua siku ya mazoezi. Kwenye tamasha mtoto huona kazi iliyokwisha kuiva, akarudi nyumbani akiamini kwamba wale wamezaliwa na kipaji na yeye hakujaliwa.

Nilikwenda na kikundi chetu siku ya kawaida, na kuna jambo moja halijanitoka. Mwanachuo aliyeigiza mjane alitakiwa kuingia na ndoo ya maji kichwani, na ndoo ilikuwa tupu. Mwalimu wake akamsimamisha, akamwambia kwamba shingo yake haijabeba kitu, akamrudisha alikotoka. Alirudia mara 5 bila kusema neno hata moja la mchezo. Hatimaye mwalimu akaagiza ndoo ijazwe maji kweli, na alipoingia mara ya 6, hatua zake zilikuwa zimefupika, bega moja limeshuka, na macho yanatazama mbali kwa sababu hayawezi kutazama chini. Wanafunzi wetu waliokuwa wakinong'ona walinyamaza wote. Nje, kabla ya zoezi la ngoma, vijana walikuwa wamewasha makuti makavu wakizipasha ngozi za ngoma, mmoja akigonga kwa kidole na kutega sikio asikie kama sauti imepanda. Mambo hayo usiku wa onyesho huyaoni, kwa kuwa yamekwisha kufanyika. Mafundi kama marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefundisha chuoni hapo, walirithisha ufundi wao kwa mwanafunzi kuketi karibu na mwalimu akatazama mikono yake.

Mstaafu_Mlimani
Msiipite Mlimani haraka hivyo. Sanaa za maonyesho zimefundishwa pale tangu mwaka 1967, na naamini idara hiyo iliifahamu vizuri zaidi maana ya kufungua milango, kwa sababu ilitoka nje ya milango yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahadhiri walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakatengeneza nao maonyesho kuhusu matatizo ya pale pale. Mwaka 1996 ukaanza mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kuyasema yanayowakwamisha shuleni. Kwa shule, huo ni urithi wa karibu sana. Hata hivyo nakiri kwamba kwa vijana wasiowahi kuona jukwaa, onyesho la Mlimani peke yake litakuwa fupi mno kwa gharama ya safari.

Mama_Wawili
Mimi ni mzazi, nami nina swali moja. Maonyesho ya tamasha huendelea hadi usiku. Je, watoto watalala wapi, na nani atakuwa na wasichana?

Mwalimu_Kibaha
Mama, umegusa jambo ambalo nilikuwa naliahirisha. Mchango uliopo hautoshi malazi, kwa hiyo tamasha tungelazimika kuliacha katikati, na kumwondoa mtoto ukumbini kabla mchezo haujaisha ni kumdhulumu. Nakubaliana na dada Binti_Kaole kuhusu siku ya mazoezi. Mzee wangu, shikamoo, nami nitawasimulia habari za Tuseme kabla hatujaondoka, ili wajue kwamba watoto wa rika lao waliwahi kusema jukwaani na wakubwa wakasikiliza. Dada, tujiandae vipi?

Mstaafu_Mlimani
Marahaba, Mwalimu.

Binti_Kaole
Andika barua kwa uongozi wa chuo mapema, sisi tuliandika wiki 6 kabla, ukitaja idadi ya wanafunzi na kwamba mnaomba kuona mazoezi, si majengo. Omba pia mwoneshwe chumba cha maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na mitambo ya taa. Wavulana wavae kaptura na wasichana suruali za michezo, kwa sababu sisi tulikwenda na sare, na mwalimu wa ngoma alipowaita watoto waingie kwenye duara, wasichana wetu walibaki wameshikilia sketi.