Mlezi wa kuaminika aliyeajiriwa: apewe likizo mtoto anapoletwa, au ajitegemee na likizo yake ya mwaka?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Naleta hoja, tujadili bila matusi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto aliyetelekezwa au aliyetolewa kwenye nyumba ya ukatili akae kwa mlezi wa kuaminika: mtu mzima mwenye akili timamu na maadili, asiye ndugu wa mtoto, aliyepitishwa na afisa ustawi wa jamii. Wengi wanaokidhi vigezo hivyo, wenye nyumba na kipato cha kueleweka, ni waajiriwa. Sasa fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mama aliyejifungua ana siku 84, wa mapacha 100. Baba siku 3. Mtoto wa mfanyakazi akiugua au akifariki, siku 4. Anayeshushiwa mtoto usiku na gari la polisi hatajwi.

Mimi na mke wangu ni walezi. Wa kwanza aliletwa akiwa na miaka mitatu hivi, kwa makadirio, maana hakuwa na kadi ya kliniki. Nesi anauliza mtoto kapata chanjo zipi, unabaki kumkodolea macho. Wiki za mwanzo kila kitu ni saa za kazi: ustawi wa jamii, polisi kufuata PF3 (fomu yao ya kumpeleka mtoto hospitali), mahakama ya watoto. Na mtoto mwenyewe ukishika tu begi la ofisini anakung'ang'ania mguu, kwa sababu anavyojua yeye, mtu akitoka ndiyo basi. Likizo yangu ya mwaka iliisha hata hajazoea kulala bila taa.

Msimamo wangu: mlezi aliyesajiliwa apewe angalau wiki mbili zenye malipo, barua ya afisa ustawi iwe ushahidi. Kenya tangu 2021 anayeasili mtoto hupata mwezi mmoja wenye malipo, ingawa mlezi wa muda huko naye kaachwa nje. Karibuni.

Mwenye karakana, Mwanza
Mkuu nakuheshimu, ila mnatuonea sisi wadogo. Nina mafundi sita. Mmoja akikaa nyumbani wiki mbili kwa hela yangu, geti la mteja analichomelea nani? Mimba unaiona inakuja, unajipanga. Mlezi anaweza kuletewa mtoto Januari, akachukuliwa Machi, Aprili akaletwa mwingine. Kila mara wiki mbili? Watoto hao ni wa serikali, serikali ilipe.

Afisa rasilimali watu
Hilo lina dawa. Hata uzazi una kikomo: mwajiri analazimika kutoa likizo ya malipo kwa vipindi vinne tu. Hapa tuweke mara moja kwa mwaka, yaishe. Na jamani, sheria ni kiwango cha chini, hakuna anayekataza kutoa zaidi. Ninapofanya kazi, mlezi aliomba zile siku 4 za mtoto kuugua, nikapitisha. Wenzangu wangemdai cheti cha kuzaliwa.

Shangazi wa Tandika
Mnanichekesha. Watoto wa nchi hii wanaolelewa nje ya wazazi wao wako kwa nani? Kwa bibi na mashangazi. Nimeachiwa watoto watatu wa marehemu dada yangu, nafanya usafi kwenye ofisi za watu. Tumezika Jumamosi, Jumatatu nikaingia zamu ya saa kumi na moja alfajiri, watoto kwa jirani. Kwa maneno yako mwenyewe, mlezi wa kuaminika asiwe ndugu. Kwa hiyo likizo yenu inanipita juu kwa juu.

Mbeba boksi, Leeds, Uingereza
Huku mlezi anapewa posho kila wiki, lakini kisheria hahesabiwi kuwa mwajiriwa, na likizo ya kuasili haimhusu mlezi wa muda. Halmashauri inapiga simu jioni, usiku mtoto yuko mlangoni. Nyumbani kwetu mke wangu ndiye aliyepunguza saa za kazi, kama ilivyo kwa wengi ninaowajua. Msidhani hela ikishatengwa ndiyo mambo yamekwisha.

Mwanzisha mada
Shangazi, pole sana na msiba. Tusikuache nje. Ndugu anayelea yatima naye aingizwe, alete barua ya mtendaji wa mtaa.

Afisa rasilimali watu
Hapo mkuu sikuungi mkono. Barua ya mtendaji inapatikana kwa bei ya soda. Wiki hiyohiyo ofisi nzima itakuwa na wapwa. Ndugu naye akaguliwe na ustawi wa jamii, hata kama atachelewa.

Shangazi wa Tandika
Akaguliwe na nani, mwanangu? Afisa mmoja ana kata ngapi?

Mwenye karakana, Mwanza
Mimi narudi kwenye hela. Mafao ya uzazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanalipa. Wafungue na fungu la walezi, ndugu na wasio ndugu, mwajiri abaki na jukumu la kumtunzia mtu nafasi yake. Hilo nasaini leo.

Shangazi wa Tandika
Wakala aliyetuajiri anakata makato kila mwezi. Nimekwenda kuangalia michango yangu NSSF, hakuna kitu. Hilo fungu mtanilipa kutoka wapi?