Mapazia mapya ya jukwaa yana mikunjo mikubwa: je, tuyapitishie mvuke?

Msimamizi wa Ukumbi, Tanga

Ndugu wanajukwaa, natumaini hamjambo. Ninasimamia ukumbi wa shule ya sekondari hapa Tanga, si mbali na bahari. Tumepokea pazia kuu jipya la mahameli nyekundu pamoja na mapazia meusi ya pembeni, na yote yalisafirishwa yakiwa yamebanwa ndani ya marobota, kiasi kwamba mistari ya mikunjo inaonekana hata kwa mtu aliyekaa viti vya nyuma. Mahafali ya kidato cha nne yamekaribia. Mwenzangu mmoja anashauri tuyapige pasi juu ya meza. Mwingine anataka tukodi mashine ya mvuke kwa dobi. Naomba mwongozo, na pia namna ya kuyatunza kwa vumbi na unyevu wa huku pwani.

Fundi Pazia

Ndugu msimamizi, pasi iondoeni kabisa katika mawazo yenu. Mahameli ina manyoya mafupi yaliyosimama, na pasi huyalaza na kuacha alama inayong'aa, ambayo taa za jukwaani huifichua kila pazia linapofungwa.

Kuhusu mvuke, someni kwanza lebo iliyoshonwa upande wa nyuma, kwa sababu jibu linategemea aina ya uzi. Mapazia ya pamba hutiwa dawa ya kuzuia moto ambayo kwa kawaida ni chumvi zinazoyeyuka katika maji. Kitambaa kikilowa, chumvi hizo husogea, na kikikauka huacha madoa meupe, huku kinga ya moto ikiwa imepungua mahali hapo. Poliesta ambayo nyuzi zake zimetengenezwa tangu kiwandani zisishike moto kirahisi haina tatizo hilo. Hiyo mnaweza kuipitishia mvuke kwa upande wa nyuma, bila kuigusa kwa mdomo wa mashine, baada ya kujaribu sehemu iliyojificha.

Lakini ushauri wangu wa kwanza ni kuyatundika leo hii. Yafungeni yote, yaning'inie kwa urefu wake kamili, na hakikisheni kuwa pindo la chini halilali sakafuni, kwa sababu pazia lililoegemea sakafu halivutwi na uzito wake na pia hukusanya uchafu. Katika pindo hilo kwa kawaida hupitishwa mnyororo, na kazi yake ni kulivuta pazia chini ili linyooke. Baada ya siku kadhaa mikunjo mingi hulegea, na iliyo mikaidi huchukua majuma. Unyevu wa hewa ya Tanga, ambao mnauogopa, katika hili utawasaidia. Msiyachanganye makunyanzi hayo na marinda, ambayo yameshonwa kwa makusudi ili pazia lionekane nene.

Mpenda Maigizo

Mimi nipo Mombasa, na katika kikundi chetu huwa tunanyunyizia maji kwa chupa kisha tunavuta kitambaa kwa mikono. Mikunjo hutoka siku hiyo hiyo, na sijawahi kuona madoa yoyote. Nadhani tahadhari hizi zimezidi.

Mkaguzi Mstaafu

Ndugu yangu wa Mombasa, inawezekana mapazia yenu ni ya poliesta, au ni ya pamba isiyotiwa dawa yoyote, na hali hiyo ya pili ndiyo ingenitia wasiwasi zaidi. Moto wa ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, tarehe 30 Desemba 1903, ulianza pale taa ya jukwaani ilipowasha pazia wakati onyesho likiendelea, na watu zaidi ya 600 walipoteza maisha. Pazia linaweza kunyooka vizuri sana na bado likawa hatari.

Marekani upo utaratibu wa kupima uitwao NFPA 705: kipande kidogo cha kitambaa hushikwa kwa koleo na kuwekewa mwali wa kiberiti kwa sekunde 12, na mwali ukiondolewa, kitambaa hakitakiwi kuendelea kuwaka zaidi ya sekunde 2. Kipimo hicho kifanywe nje ya ukumbi, mahali pasipo upepo, na mtu wa zimamoto akiwepo. Pazia la pamba likifuliwa kwa maji, lihesabiwe kuwa halina dawa tena hadi litiwe upya. Hata dobi wa kusafisha bila maji aulizwe kwanza kama anaelewa kitambaa cha namna hiyo. Na taa zenye joto zisogezwe mbali na kitambaa.

Msimamizi wa Ukumbi, Tanga

Nawashukuru sana. Lebo inasema pazia kuu ni pamba iliyotiwa dawa, na yale meusi ni poliesta. Tumeyatundika yote, na mvuke tutautumia kwa yale meusi pekee. Nimebakiwa na suala la vumbi, na la kuyahifadhi yale meusi wakati ukumbi unatumika kwa mitihani.

Fundi Pazia

Vumbi liondolewe mara kwa mara kwa kifyonza vumbi chenye brashi laini, mkianzia juu na kufuata uelekeo wa manyoya, kwa sababu likiachwa huchanganyika na unyevu na kuwa uchafu usiotoka bila kufua. Wakatazeni wanafunzi kulivuta pazia kwa mikono. Watumie kamba, kwani jasho na mafuta ya viganja huanza kuharibu ukingo wa katikati, pale pazia linapokutana. Angalieni pia vitundu vya chuma na mnyororo wa pindoni, kwa maana chumvi za dawa hunyonya unyevu na kuharakisha kutu, na kutu ikishaingia katika mahameli haitoki.

Yale meusi yashusheni yakiwa makavu kabisa, yakunjeni kwa mikunjo mipana, upande wa mbele ukiwa ndani, kisha yatieni katika mifuko ya turubai la pamba na kuyaweka juu ya rafu. Msitumie mifuko ya plastiki: hufungia unyevu ndani, na kwa hali ya hewa ya Tanga mtayatoa yakiwa na ukungu.