Mwenye kisukari ana mafua makali, hali chakula, sukari inapanda: insulini isimamishwe?

Muuguzi_Kongwa
Wakuu, habari za kazi. Kipupwe hiki cha upepo na vumbi, mafua yamepamba moto. Kliniki ya kisukari tunaletewa wagonjwa wana sukari 16, 18 (mmol/L), wengine mashine inaandika HI, yaani imepita kiwango inachoweza kusoma. Ndugu wanasema, "Hajala tangu jana, tukaona tusimchome sindano." Niwaelezeje sukari inatoka wapi? Na dawa zipi zisimame, zipi zisiguswe? Halafu kuna wa CTC (kliniki ya VVU) ambao hawakuwa na kisukari, wamehamishiwa TLD (kidonge cha ARV chenye tenofovir, lamivudini na dolutegraviri), sasa sukari iko juu. Ni virusi au ni dawa?

Tabibu_Kisukari
Inatoka kwenye ini. Virusi vikiingia, mwili unamwaga homoni za adrenalini, kotisoli na glukagoni, na hizo zinalisukuma ini litoe akiba yake na kutengeneza sukari mpya kutokana na protini ya misuli. Wakati huohuo kemikali za kinga zinaifanya misuli isiitikie insulini vizuri. Ndiyo maana mwenye homa asiyekula anaweza kuhitaji insulini nyingi kuliko siku aliyomaliza sahani nzima ya ugali wa uwele.

Mwenye kisukari aina ya kwanza, insulini ya muda mrefu haisimamishwi hata akiwa anatapika. Ikikosekana mwili unachoma mafuta, ketoni zinajaa, damu inakuwa na tindikali. Mgonjwa anapumua kwa kina na kwa haraka, na hapo ndipo wengi wanapotea njia wakaandika nimonia. Pima ketoni kabla ya kuandika antibayotiki. Na kila mwenye homa apimwe mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), hata kama Dodoma malaria si nyingi.

Sukari ipimwe kila saa 4, usiku pia. Ikizidi 14, pima ketoni za damu. Chini ya 0.6 mmol/L hakuna shida, 0.6 hadi 1.5 rudia baada ya saa 2, ikivuka 1.5 mpigie daktari. 3 na kuendelea, au mkojo ukisoma ++ au zaidi, ni rufaa, na dripu ya salini ianzie hapohapo zahanati.

Dozi ya nyongeza kwa kawaida ni asilimia 10 ya jumla ya insulini ya siku nzima. Ila angalieni: miongozo inayosema urudie kila saa 2 iliandikwa kwa insulini mpya za haraka sana. Hii ya kawaida tuliyonayo inafanya kazi saa 6 hadi 8. Ukirudia mapema dozi zinapandana, na saa tisa usiku sukari inadondoka mgonjwa akiwa usingizini.

Mfamasia_Dom
Naongezea upande wa dawa. Akitapika, akiharisha au akikauka maji, simamisha metformini (figo zikizidiwa, tindikali ya laktiki inajikusanya) na empagliflozini (dawa ya kisukari inayotoa sukari kwenye mkojo). Hii ya pili ni mbaya kwa sababu ketoni zinaweza kupanda huku sukari ikisoma 10 tu, kila mtu katulia. Enalapril na losartani za presha, dawa za kukojosha, na diklofenaki ya maumivu nazo zipumzike. Zirudishwe akishakula na kunywa vizuri saa 24 hadi 48.

Glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, hatari yake ni kinyume: mzee asiyekula akiimeza, sukari inashuka na inaweza kubaki chini siku nzima.

Maji anywe mililita 100 hadi 200 kila saa, kama moyo na figo ni nzima. ORS msiikatae eti ina sukari. Pakiti moja kwenye lita 1 ina glukosi gramu 13.5, soda ya nusu lita inapita gramu 50. Na ulizeni kama duka la dawa lilimpa prednisoloni au deksamethasoni "ya kifua", steroidi zinazopandisha sukari. Mara nyingi ile HI imetoka huko.

Kuhusu CTC: dolutegraviri iliyomo kwenye TLD, iliyoanza kutumika sana nchini tangu 2019, imehusishwa na sukari kupanda, hasa miezi ya mwanzo, na Uganda waliripoti mapema. VVU vyenyewe, umri na uzito vinachangia. Msimwachishe ARV. Akianzishwa metformini isizidi miligramu 1000 kwa siku, kwa sababu dolutegraviri inazuia figo kuitoa.

Maabara_Chamwino
Kabla ya kuamini 18, mwambie anawe mikono kwa maji na sabuni. Aliyetoka kula zabibu ana sukari kwenye ncha ya kidole, na spiriti pekee haiiondoi vizuri. Kidole kikauke ndipo utoboe. Kopo la stripu lifungwe mara moja na lisizidi nyuzi 30. Kwenye dashibodi ya pikipiki au dirishani zinaharibika. Mgonjwa akiwa na upungufu mkubwa wa damu mwilini, mashine nyingi husoma juu kuliko hali halisi.

Asiyejulikana kuwa na kisukari, chukua HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama 3): asilimia 6.5 au zaidi, tatizo lilikuwepo kabla ya mafua. Ikiwa chini, rudia sukari ya kufunga wiki 6 hadi 12 baada ya kupona. Mwenye selimundu au anayetumia zidovudini HbA1c inaweza kudanganya kwa kusoma chini.

Muuguzi_Kongwa
Shukrani sana wakuu. Na anayechoma insulini ya mchanganyiko wa 30/70?

Tabibu_Kisukari
Huyo ndiye mgumu, maana huwezi kutenganisha ya haraka na ya muda mrefu. Usisimamishe. Badala ya mlo apewe uji mwepesi au juisi kidogokidogo, na sukari ipimwe kila saa 2 hadi 4. Ikishuka chini ya 10 kabla ya sindano na hali kitu, piga simu dozi ipunguzwe. Akitapika kila anachomeza, usimsubirishe zahanati.